Sura ya Sita: Matairi ya Iwakiri

"Matairi haya ulinunua wapi?" Inspekta Shirogane aliuliza tena.

"Mtandaoni."

"Kwa nani?"

"Mtu tu. Jina silikumbuki."

"Unanunua matairi manne na rimu zake kwa mtu ambaye hata jina lake hulikumbuki?"

Iwakiri Soma aliinamisha macho mezani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mikono imepasuka kwa baridi ya vijito vya milima ya Amagi alikokuwa akifanya kazi ya kung'oa wasabi, mzizi mkali wa kiungo. Tangu alipokamatwa jana asubuhi alikuwa amejibu kila swali kwa adabu zote, na karibu kila jibu halikuwa na kichwa wala miguu. Shirogane alikuwa amekutana na waongo wa kila namna katika kazi hii, wengi wao wakiwa na sababu ya kudanganya. Huyu alidanganya kama mtu anayetimiza wajibu, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumanne alfajiri, kwenye kona iliyo chini ya mierezi katika barabara ya mlima Hikage, Bi Mochizuki Fusae, mkulima wa uyoga, aligongwa akiwa juu ya pikipiki yake ndogo. Gari lilikuwa likishuka kwa kasi, likafunga breki, mkia ukachepuka na kumsomba. Dereva hakusimama, na mwanamama yule alikata roho kando ya lami kabla mtu yeyote hajapita. Kamera ya duka lililo chini ya mlima ilinasa gari jeupe la viti viwili, namba imemezwa na ukungu. Jumatano jioni mtu akapiga simu kutoka kibanda cha simu cha stesheni, hakutaja jina. Alisema tu kwamba polisi walitafute gari la Iwakiri na waangalie matairi yake ya nyuma.

Wakaangalia. Ndani ya mfereji wa tairi la nyuma la kulia kulikuwa na kipande cha plastiki nyekundu, na kipande kile kilioana barabara na taa ya nyuma ya pikipiki ya marehemu. Bampa la mbele la gari la Iwakiri lilikuwa limepasuka na kufungwa kwa utepe. Mkuu wa kituo alisema kesi imeiva, kijana apelekwe kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Akipelekwa na jalada lile, ilikuwa ni jela ya miaka mingi, na katika bonde lile jina la mtu aliyemuua mzee akamwacha barabarani halifutiki hata kwa watoto wake.

"Mama yako yuko nje," Shirogane alisema. "Kaleta soksi."

"Mwambie aende nyumbani, afande."

"Nimemwambia. Kagoma."

"Sijamgonga bibi Mochizuki. Jumanne alfajiri nilikuwa nimelala."

"Nimeshasikia. Mimi nauliza nani kakupa matairi."

"Nilinunua."

Shirogane alikuwa ametumia neno lile makusudi. Mtu aliyenunua kweli angeshangaa kuulizwa nani kampa. Iwakiri hakushangaa, ila masikio yake yalianza kuwa mekundu. Inspekta akafunga jalada, akatoka.

*

Gari la Iwakiri lilikuwa limeinuliwa kwenye karakana ya polisi, na chini yake alisimama Sajini Uozumi, mtu mnene mpole, akimenya chungwa dogo kwa mkono mmoja.

"Hapa ni mahali pa vielelezo, si kantini," Shirogane alimwambia.

"Nimemaliza kupima, afande. Njaa haijui vielelezo." Alitia chungwa mfukoni, akajifuta vidole. "Njoo uone hili tairi. Mimi limenichanganya."

Lilikuwa tairi la mbio, la aina ambayo sheria huiruhusu barabarani kwa shingo upande. Kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyoshika barabara, zilikuwa chache na pana, mifereji miwili mitatu tu ya kutoa maji, mpira wenyewe laini kiasi kwamba ukucha uliacha alama. Juu ya lami kavu tairi kama hilo linashika ajabu. Kwenye mvua ni sabuni. Na bei yake ni ya kumfanya mtu mwenye mshahara wa kawaida akae chini kwanza.

"Mchimba wasabi hanunui haya," alisema Uozumi. "Labda awe kachanganyikiwa."

"Au kapewa."

"Au kapewa," Uozumi alikubali.

Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake zaidi. Katika milima ile kila kijana mwenye gari lililoshushwa chini ana mkubwa wake, na mkubwa huyo akiona matairi yake yameanza kupoteza makali huyavua na kumpa mdogo. Kwa mkubwa yamekuwa takataka, ila kwa mdogo bado ni lulu. Mdogo hupokea kwa kuinama, hufunga, na halizungumzwi tena. Shirogane mwenyewe, enzi akiendesha pikipiki nyeupe za doria, aliwakamata wengi waliokuwa wakikimbia juu ya matairi ya wakubwa wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaja aliyempa.

"Nisomee vipimo," alisema.

"Ukingo wa ndani umeliwa, umebakiza kidogo uwe kipara. Ukingo wa nje karibu mpya. Yote manne hivyohivyo. Kwa hiyo gari lilikuwa limelazwa magurudumu, juu yameingia ndani, chini yametanua miguu, kama wanavyopenda hawa wa uwanja wa mbio. Sasa angalia ajabu." Alimwelekeza kwenye mashine ya kupimia alaimenti, ule mkao wa magurudumu. "Magurudumu ya gari hili yamesimama wima. Wima kabisa, kama lilivyotoka kiwandani."

"Basi matairi haya yamelelewa kwenye gari lingine."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Halafu nikajiuliza, je, kama alikuwa ameyalaza, akagonga mtu, akaingiwa na hofu akayanyoosha?"

Lilikuwa swali zuri, na wakili yeyote angeliuliza. Shirogane alichukua tochi akaingia chini ya gari. Alizitafuta boliti za kurekebishia, moja baada ya nyingine, akazimulika kwa karibu. Kutu ilikuwa imeziba nati na chuma kwa pamoja, bila ufa wowote. Alipogonga kwa spana, magamba yalimwangukia usoni.

"Hizi hazijaguswa tangu huyu kijana anavaa sare za shule," alisema akitoka. "Na picha ya barabarani?"

Uozumi alimpa. Chini ya mierezi mvua haikuwa imefika, na alama za breki zilikuwa zimebaki. Kila mstari ulikuwa mweusi upande mmoja na hafifu upande wa pili. Gari lenye magurudumu yaliyosimama wima lingechora mstari uleule kwa upana wake wote.

"Matairi ndiyo haya haya," Shirogane alisema polepole. "Gari siyo hili."

"Kwa hiyo alifungiwa matairi haya baada ya ajali."

"Hilo ndilo la kuthibitisha. Angalia bega la nje la tairi. Huyu kila siku anapanda na kushuka mlima na mizigo ya wasabi. Kwa magurudumu yaliyosimama wima, bega la nje lingekuwa limeanza kusagika. Unaona nini?"

Uozumi alipitisha kidole gumba. "Vumbi, na mkwaruzo mwembamba. Basi."

"Siku chache tu."

"Siku chache, afande. Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Shirogane alivua glavu. Jambo jingine lilikuwa likimkera tangu Jumatano, naye alilisema sasa. Raia wa kawaida akitaka kulichongea gari, husema lina bampa bovu. Aliyepiga simu hakutaja bampa. Alitaja matairi, tena ya nyuma.

"Gari la aina hii, jeupe, lililotanua miguu, nani analo?"

"Kwenye klabu ya magari ya Hikage yuko mmoja tu," alisema Uozumi, na uso ukamsawijika. "Daktari Hasekura wa meno. Ndiye aliyening'oa gego."

"Alikuumiza?"

"Hata kidogo. Ana mkono mwepesi sana."

*

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya mchana. Hasekura Teiji aliwapokea nyumbani kwake upande wa nyuma, mtu wa miaka arobaini na minane mwenye mvi zilizokatwa vizuri na soksi nyeupe zisizo na doa. Mkewe alileta chai ya kijani na vipande vya halua ya kunde, akaondoka bila kukaa. Daktari hakuuliza wamefuata nini. Aliuliza kama wamekula.

"Tumekula, asante," alisema Shirogane. "Tungependa kuliona gari lako."

"Karibuni. Ila naomba mbadilishe viatu."

Gereji ile iliingiwa kwa ndara. Ilikuwa na vigae sakafuni, mashine ya kukausha hewa ikinguruma pembeni, na matairi ya majira ya baridi yamevishwa mifuko ya kitambaa yenye jina. Katikati lilisimama gari jeupe, safi kupita kiasi, magurudumu yamelazwa. Uozumi, ambaye visigino vyake vilitokeza nje ya ndara, alitazama chini kwa aibu. Shirogane aliona hasira ikimpanda. Kulikuwa na wazee katika bonde lile waliolala kwenye vyumba vyenye unyevu kuliko gereji ya gari hili.

"Inasikitisha habari ya Iwakiri," Hasekura alianza mwenyewe. "Sina budi kusema ukweli, Inspekta. Matairi yale nilimpa mimi."

"Lini?"

"Katikati ya mwezi uliopita. Yalikuwa bado na uhai kidogo."

"Mbona yeye hasemi?"

"Nilimkataza. Ningetangaza, kesho yake kungekuwa na foleni hapo mlangoni." Daktari alitabasamu kwa huzuni. "Ni kijana mwaminifu mno. Baada ya hapo aliyafanyia nini, mimi sijui."

"Na Bi Mochizuki ulimfahamu?"

"Nilimtengenezea meno ya juu. Nilikwenda msibani."

Alilisema hilo bila kupepesa. Shirogane alinywa funda la chai aliyokuwa ameibeba, akakiweka kikombe juu ya benchi la spana.

"Haya uliyonayo sasa?"

"Niliyafunga siku ileile niliyompa yale. Tazama." Hasekura alichuchumaa haraka, akaelekeza kidole ubavuni mwa tairi palipochapwa wiki na mwaka wa kutengenezwa. "Yametengenezwa kiangazi. Siyo ya jana wala juzi."

"Naona."

Aliona, na aliona pia kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza umri. Tarehe ya kiwandani haisemi tairi lilifungwa lini. Linaweza kukaa dukani msimu mzima likisubiri mteja, na mtu aliyezungukwa na matairi miaka yote alijua hivyo kuliko yeyote.

"Umeshayapeleka uwanjani?"

"Jumapili iliyopita. Siku nzima." Uso wa daktari ulichangamka, na Shirogane aliamini kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, Jumapili ile alikwenda kweli. "Nilivunja rekodi yangu mwenyewe. Ile kona ya mwisho unaiingia kwa gia ya tatu, mkia unataka kutoka, wewe unaushika tu hivi, kidogo, kidogo."

"Hongera."

"Asante."

"Kwa matairi haya haya?"

"Haya haya."

Shirogane alipiga magoti kwenye vigae. Alilianza tairi la mbele la kushoto, kwa sababu uwanja ule huzungukwa kwa kukata kulia, na upande wa kushoto ndio unaoumia. Tairi lililotoka uwanjani halifichiki. Uso wake unakunjamana na kuota vijipele, mabega yanakuwa yamesuguliwa mpaka chini, na vidonge vya mpira wa magari mengine vinakuwa vimegandia humo, wenye magari hukaa wiki nzima wakivibandua kwa kisu butu. Alipitisha kiganja. Uso ulikuwa laini, umefifia kwa usawa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Hapakuwa na kipele wala kidonge. Kwenye bega la nje mng'ao wa kiwandani ulikuwa bado upo, na nywele za mpira zinazoachwa na kalibu zilisimama, nyembamba, kadhaa.

Alizunguka gari zima. Yote manne yalikuwa vile vile.

"Umeyamenya vizuri sana haya, Daktari," alisema.

Hasekura hakuweza kujizuia. Ilionekana wazi kwamba ni muda mrefu hajasifiwa na mtu anayejua anachokisifu.

"Umeona? Vijana wa leo hawana subira. Wananunua leo, kesho wameshaanza kulibana. Tairi jipya lina ngozi, lazima uitoe taratibu. Unakwenda polepole, hufungi breki kwa nguvu, unalipasha moto kidogo kidogo. Unaliacha lipoe usiku kucha. Kesho yake unarudia, unaongeza kidogo. Ukilibana kabla ya hapo umeliua, halitakaa likupe kitu. Mimi siwezi kufanya hivyo. Siwezi kabisa."

"Uliyamenya wapi?"

"Barabara ya pwani, kwenda na kurudi. Asubuhi mbili."

"Asubuhi zipi?"

Mashine ya kukausha hewa ilinguruma. Uozumi alitoa kalamu.

"Nimeshasema," Hasekura alijibu. "Mwezi uliopita."

"Halafu Jumapili ukavunja rekodi yako juu yake."

"Ndiyo."

"Na hizi zikabaki." Shirogane alishika unywele mmoja wa mpira begani mwa tairi, akauvuta kidogo, akauachia. "Siku nzima, kona ya mwisho, mkia unataka kutoka. Na hizi zimesimama."

"Labda niliendesha kwa uangalifu."

"Ukavunja rekodi kwa uangalifu."

Shirogane alimtazama daktari, na sasa akaelewa. Mtu huyu alikuwa na Jumatano na Alhamisi nzima za kuyafanya matairi mapya yafanane na matairi ya wiki tatu yaliyokwisha kwenda uwanjani. Alichohitaji ni eneo tupu la kuegesha magari na nusu saa ya ukatili, ayachome, ayachakaze, ayaburute. Mhuni yeyote asiyejua lolote kuhusu matairi angefanya hivyo na angepona. Hasekura alishindwa. Alikuwa tayari kijana asiye na hatia aozee jela, lakini mkono wake ulikataa kuharibu tairi jipya.

Alipoinuka aliona pia kona ya nyuma ya gari, kulia. Utandu wa plastiki unaolinda rangi ulikuwa mpya pale, na chini yake maji ya kubandikia yalikuwa hayajakauka.

"Inspekta," Hasekura alisema, sauti yake imepoa tena, sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa afungue kinywa. "Hayo ni maoni yako kuhusu mpira. Iwakiri mwenyewe anasema alinunua mtandaoni, nimesikia. Nani mwingine atakuambia nilimpa siku gani?"

"Umesikia kwa nani?"

"Mji mdogo huu."

"Unadhani hatasema."

"Namfahamu," alijibu daktari. "Akiahidi, kaahidi."

Shirogane alivaa viatu vyake. Alimwachia Uozumi lindo la mlango wa gereji, gari lisisogee hata hatua mpaka kibali cha hakimu kifike. Hasekura aliuliza kwa upole kama sajini angependa kiti.

*

Iwakiri alikuwa ameletewa wali na mchuzi wa kari, hakuugusa. Shirogane aliusogeza pembeni, akaketi.

"Daktari Hasekura kasema."

Kijana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yake yalishuka.

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, kabla sijamuuliza. Kasema alikupa yeye, na alikukataza kusema."

"Basi." Iwakiri alipumua. "Mimi nilijua akisikia nimekamatwa atakuja kusema. Samahani, afande. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeahidi."

"Kasema alikupa katikati ya mwezi uliopita."

Iwakiri alikuwa ameanza kuinama kuomba radhi. Aliishia katikati.

"Mwezi uliopita?"

"Ndivyo alivyosema."

"Labda hukumsikia vizuri."

"Nilimsikia. Sajini kaandika."

Kijana alitazama dirisha dogo, kisha meza, kisha mikono yake iliyopasuka. Shirogane hakumsaidia. Kulikuwa na jambo ambalo lazima alifikie mwenyewe, angemwambia yeye, kijana angelikataa.

"Kama ni mwezi uliopita," Iwakiri alisema hatimaye, "Jumanne alfajiri yalikuwa kwangu."

"Ndiyo."

"Daktari hasahau tarehe. Anakumbuka joto la lami la kila siku aliyowahi kuendesha."

"Sidhani kasahau."

Nje ya mlango mtu alipita akiburuta miguu.

"Ilikuwa Jumanne jioni," Iwakiri alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetereka. "Alikuja nyumbani kwetu. Hajawahi kuja kwetu hata siku moja. Yote manne alikuwa kayapakia kwenye gari la mkewe. Nikamwambia nitafunga kesho, Daktari, giza linaingia, akasema hapana, tufunge sasa hivi. Akapiga goti kwenye tope, na suruali ile ya kazini. Nati zote kakaza yeye kwa mkono wake. Mimi nilishika tochi tu. Mama akamfungia wasabi, akapokea kwa mikono miwili. Yale yangu ya zamani akaondoka nayo, akasema ataniokolea gharama ya kuyatupa."

"Mama yako atalisema hilo?"

"Ukimuuliza. Hakuna aliyemuuliza."

Shirogane aliona haya, kwa ajili yake na kwa ajili ya kituo kizima.

"Alikwambia nini alipokuwa anaondoka?"

"Aliniambia nimeyastahili."

Inspekta alimsogezea karatasi na kalamu. Alimweleza wazi kwamba akiandika hayo na kutia sahihi, mama yake naye akiandika ya kwake, kesho asubuhi hatapelekwa kwa mwendesha mashtaka wala popote, atarudi kwao. Iwakiri alishika kalamu. Aliandika mistari mitatu, akaacha.

"Afande. Jumatano mchana bosi alinituma nipeleke wasabi msibani kwa bibi Mochizuki. Niliegesha uani kwake, karibu na mlango, watu wanapita na ubani. Nilikwenda na matairi yale."

"Hukujua."

"Daktari alikuwepo. Alikuja mpaka kwenye gari, akachuchumaa nyuma, upande wa kulia, akaliangalia tairi kwa muda. Akapitisha kidole kwenye mfereji. Halafu akanyanyuka, akanigonga bega. Mimi nilidhani anaangalia kama nayatunza."

Jioni ya siku ile ndipo ilipopigwa ile simu iliyotaja matairi ya nyuma.

"Nikamshukuru tena," alisema Iwakiri. "Palepale uani kwa bibi, mbele ya watu wote, niliinama nikamshukuru."

Akainamia karatasi, akaandika mstari wa nne.